Mstari wa Tano wa Malaki

Lituhi, Nyasa
Jumapili, 26 Januari 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia kwa simu ya baba yako, pamoja na ule ujumbe mrefu wa sauti. Sisi hatujambo. Mvua imeshika, mahindi yanakwenda vizuri, usipa wa ziwani ni wa kubahatisha tangu Mwaka Mpya. Bibi yako mguu unamsumbua, lakini leo amefika Misa ya kwanza kwa miguu yake mwenyewe baada ya kuikataa bodaboda mbele za watu, kwa sauti, kama unavyomjua.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaongea haraka, na salio langu huisha kabla sijafika kwenye jambo. Tena nataka uisome ukiwa na Biblia mkononi. Nitakutajia sura na mistari, uifungue mwenyewe.

Umeniambia kwamba huko chuoni umepata ushirika wa vijana, mnasoma Neno kila jioni, na kwamba mtumishi anayewaongoza amewafundisha kutoa malimbuko, nawe bumu lako la kwanza la mwaka huu, fedha yako ya kujikimu chuoni, umelipanda lote kama mbegu, kwa kuisimamia Malaki 3:10 na ile ahadi ya madirisha ya mbinguni. Kisha ukashusha sauti ukasema nyavu za baba yako zinatoka tupu kwa sababu ya laana ya ukoo, na kwamba mtumishi ameonyeshwa mlango wa laana hiyo kuwa ni mwanamke mzee. Nimeelewa sasa kwa nini tangu Krismasi bibi hajapata simu yako.

Kwanza hili la kusoma Neno kila jioni. Usidhani nalidharau. Bibi yako alipokuwa msichana, Misa ilikuwa ya Kilatini, na dini aliipata kwa katekisimu ya kukariri, maswali na majibu, mpaka leo ukimwamsha usiku wa manane atakujibu. Biblia yenyewe ilikuwa mikononi mwa mapadre na makatekista. Ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo ya Novemba 1965, uliotamka kwamba waamini wote wafunguliwe njia pana ya kuyafikia Maandiko. Miaka kumi na moja baadaye maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi wakatia mkazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na hapo ndipo mama mchuuza samaki wa Lituhi alipoanza kuishika Biblia, kuisoma mbele ya majirani, na kusema yeye ameelewa nini. Mimi ni mtoto wa mabadiliko hayo. Kwa hiyo nikisikia kijana wa ukoo wetu anafungua Neno kila jioni kwa hiari yake, moyo wangu unafurahi kabla kichwa hakijaanza kuuliza maswali.

Na upande wa pili wa ukoo umetangulia mbali. Mama yake bibi alitokea Liuli, Mwanglikana, na utotoni mwake Arkidikoni Johnson alikuwa bado anauzunguka mwambao huu. Kaburi lake liko Liuli, watu huenda kuhiji. Yule mzee wa Kiingereza alifika ziwani miaka ya 1880, macho yakamharibika mapema akabaki karibu kipofu, na bado alitembea kijiji kwa kijiji hadi alipokufa mwaka 1928. Aliitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Mimi ni Mkatoliki na sitanii na Ukatoliki wangu, lakini sioni sababu ya kumnyima mzee yule haki yake. Watu wa pwani hii walikuwa wamemwona akila walichokula na kulala walipolala miaka mingi, ndipo wakamwamini na kitabu chake.

Sasa tuingie kwenye jambo. Leo ni Jumapili ya Neno la Mungu, ile aliyoiweka Papa Fransisko mwaka 2019, na masomo yamekaa kama yamepangwa kwa ajili yako. Somo la kwanza ni Nehemia sura ya 8. Ezra anasoma Torati mbele ya mkutano kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, Walawi wanaeleza ili watu wafahamu, na watu wanalia. Angalia wanachoambiwa baada ya kulia. Hawaambiwi watoe kitu mbele ya jukwaa. Wanaambiwa waende wakale vinono, wanywe vitamu, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Kazi ya kwanza iliyotoka katika usomaji ule mkubwa ilikuwa sahani ya chakula kwenda nyumba ya jirani.

Injili ni Luka 4, Yesu katika sinagogi la Nazareti. Anapewa kitabu cha Isaya, anasoma habari njema kwa maskini, wafungwa kufunguliwa, vipofu kuona, mwaka wa Bwana uliokubaliwa. Fungua Isaya 61 ulinganishe: kifungu kinaendelea kutaja siku ya kisasi, naye anafunga kitabu kabla ya kufika hapo. Watu wanamkazia macho, na baadaye wanayastaajabia maneno yake ya neema. Wamefurahi. Padre leo ameishia alipoketi Yesu kuanza kuwahubiria, maana ndivyo masomo yanavyokatwa. Sehemu inayobaki kwa kawaida husomwa Jumapili inayofuata, lakini mwaka huu Jumapili ijayo imeangukia tarehe 2 Februari, Kutolewa Bwana Hekaluni, kwa hiyo haitasomwa kanisani. Isome mwenyewe, mstari wa 22 hadi wa 30. Yesu anawakumbusha kwamba wakati wa njaa Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta, mtu wa Sidoni, na kwamba wakoma walikuwa wengi katika Israeli lakini aliyetakaswa ni Naamani Mshami. Wale wale waliofurahi wanainuka, wanamtoa nje ya mji, wanataka kumsukuma kwenye ukingo wa mlima.

Ni nini kilibadilika? Kitabu ni kile kile, msomaji ni yule yule, saa haijapita. Isaya alikuwa mtamu walipodhani maskini anayetajwa ni wao na mlipaji ni mtu mwingine. Ilipoonekana kwamba wao pia wanadaiwa, wampishe mgeni mezani, Neno likageuka tusi. Katika miaka yote ya kusoma jumuiyani sijapata kipimo kinachonifaa kuliko hiki: naangalia Andiko hili, kwa namna tunavyolisoma, linamgharimu nani. Likianza kwa kumdai asiyekuwepo, mjane, mtoto, mzee, baba wa mtu aliye mbali, nasimama na kusoma upya.

Kwa kipimo hicho fungua Malaki sura ya 3. Usianze mstari wa 10, anza wa 5. Mungu anasema anakuja kufanya hukumu, na anawataja washtakiwa: wachawi, wazinzi, waapao uongo, halafu wanaomdhulumu kibarua ujira wake, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaompotoa mgeni haki yake. Kati ya mstari huo na ule wenu wa madirisha kuna mistari minne tu. Mtu mwenye pumzi ya kuhubiri mpaka saa nne usiku anashindwaje kusoma mistari minne? Na ukirudi nyuma zaidi, sura ya kwanza na ya pili wanaokaripiwa ni makuhani wenyewe, kwa kuleta madhabahuni wanyama vipofu na vilema na kwa kupotosha watu kwa mafundisho yao. Kitabu kinachoanza kwa kuwashtaki viongozi wa ibada kimefanywa fimbo ya viongozi wa ibada. Malaki angeshangaa.

Halafu ujiulize ghala lile linalotajwa mstari wa 10 lilikuwa la nini. Nehemia sura ya 13 inaeleza: Walawi walikuwa wamekimbilia mashambani kwa sababu hawakupewa sehemu zao, ndipo watu wakaleta fungu la kumi la nafaka, divai na mafuta ghalani. Na Kumbukumbu la Torati 14, mistari miwili ya mwisho, inasema kila mwaka wa tatu fungu hilo liwekwe malangoni, aje Mlawi asiye na urithi wa shamba, aje mgeni, yatima na mjane, wale washibe. Fungu la kumi lilikuwa chakula, na walaji wake wametajwa.

Utasema, shangazi, hata kwenu kuna bahasha za zaka. Zipo, na naijaza yangu. Lakini michango mingine imezidi, sitaki kukuficha. Kuna mama mjane hapa jirani aliyekuwa anajificha siku ya jumuiya kwa sababu hakuwa na elfu mbili ya mchango. Nililisema kikaoni, watu wakatazama chini, mwenyekiti akahamia ajenda nyingine. Kwa hiyo ninachokuambia hakina dhehebu.

Ila wewe lako ni zito zaidi, na nitalisema bila kuzunguka. Baba yako alikuomba elfu hamsini ya nyuzi, aushone ule wavu kabla giza la mwezi huu halijapita. Ulimjibu kwamba fedha imeshawekwa madhabahuni. Fungua Marko 7, mstari wa 9 hadi wa 13. Yesu anawasema watu waliobuni ujanja mzuri sana wa kidini: mtu anamwambia baba yake au mama yake kwamba msaada niliotakiwa kukupa ni Korbani, umekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu. Yesu anasema kwa desturi hiyo wanalitangua Neno la Mungu. Sikutafuta kifungu cha kukuumiza, mwanangu, nimekutana nacho tu, nikakaa kimya kwa muda nikifikiria kama nikuandikie au nisikuandikie. Baba yako hajalalamika. Ameazima wavu kwa mtu, na nusu ya anachopata inakwenda kwa mwenye wavu.

Hapo umepata na sehemu ya jibu kuhusu nyavu tupu. Nyingine unaijua, umekulia hapa. Usipa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi. Mitumbwi imeongezeka, nyavu za matundu madogo zinazoa hata vifaranga, na wavu wa baba yako umechakaa. Hayo yote yanaonekana kwa macho, hayahitaji mtu wa kuonyeshwa usiku.

Lakini tuseme unataka Andiko. Mtumishi amekupa Kutoka 20:5, Mungu apatilizaye uovu wa baba kwa wana hadi kizazi cha tatu na cha nne. Soma mstari wa 6, ambao ni sentensi ile ile: rehema kwa maelfu elfu wampendao. Kisha fungua Ezekieli 18, usome sura nzima, ni ndefu lakini haichoshi. Watu walio uhamishoni Babeli wana mithali yao, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Inawafaa, kwa maana inawaondolea lawama na pia inawaondolea kazi. Mungu anaipiga marufuku. Mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba uovu wa mwanawe. Karne nyingi baadaye wanafunzi wa Yesu bado wana ugonjwa ule ule, wanamwona kipofu tangu kuzaliwa na wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yohana 9, soma Yesu anavyowajibu, na usome anachofanya baada ya kujibu, maana hakuishia kwenye kueleza, alitema mate chini akafanya tope akamponya mtu.

Na uone mafundisho yenu yamemgharimu nani. Mwanamke mwenye umri wa kutosha kuitwa bibi wa bibi, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kubanika samaki tangu ujana wake. Nchi hii imewaua wazee wengi kwa sababu ya macho mekundu, hilo unalijua, umelisoma kwenye magazeti, na mengi ya mauaji hayo yalianza na mtu mmoja kusema ameonyeshwa. Sisemi wewe utamdhuru. Nasema neno kama hilo likitoka kinywani mwa kijana msomi likafika huku kijijini, halitabaki mikononi mwako. Bibi ndiye aliyekuogesha na kukulisha mama yako alipolazwa hospitali ya Peramiho. Yeye hajui kwa nini simu haiji. Anadhani umebanwa na mitihani, na amekuombea Rozari ufaulu.

Nikwambie sasa kinachonitisha hasa. Aprili 2023 huko Shakahola, nyuma ya Malindi, Kenya, walianza kufukua makaburi msituni. Walifikisha miili zaidi ya 400, na kati yake kuna mingi ya watoto. Watu walikuwa wameacha kazi, wameuza mali, wamewatoa watoto shule na kukataa hospitali, wakafunga kula mpaka kufa kwa matumaini ya kukutana na Yesu. Hadi ninapoandika kesi ya mhubiri wao iko mahakamani, nami siihukumu kabla ya mahakimu. Wala sisemi mtumishi wenu ni wa namna hiyo. Nasema kufunga kumo katika Biblia, Yesu mwenyewe alifunga siku arobaini, na mtu akikuonyesha mstari huo hawezi kuambiwa ameutunga. Lakini soma Isaya 58 uone Mungu anaita saumu kitu gani: kufungua vifungo vya uovu, kuwaacha huru walioonewa, kumgawia mwenye njaa mkate wako. Saumu ya Isaya inamshibisha mtu mwingine. Ile ya Shakahola ilianza kwa kumnyima mtoto uji.

Na pale Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mafuta nayo yamo katika Biblia, Yakobo 5:14. Yasome yanavyotumika: mgonjwa yuko nyumbani, anawaita wazee wa kanisa, wao ndio wanaokwenda kwake. Hakuna foleni katika Yakobo. Wenye mafuta ndio wanaotembea.

Hata Ibilisi ni msomaji. Katika sura hiyo hiyo ya 4 ya Luka, kabla ya Nazareti, anamsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumtajia Zaburi ya 91, malaika watakuchukua mikononi. Yesu anamjibu kwa Andiko lingine, Kumbukumbu la Torati. Hakumwambia Zaburi ni uongo. Mtu wa Lituhi anaisali Zaburi hiyo kila usiku na bado hashuki kuoga mto Ruhuhu mahali penye mamba, na sijasikia padre akimwambia hana imani.

Ungeniuliza basi Neno linaishwa vipi, nami nisingekujibu kwa nadharia. Nitakuambia ya hapa hapa. Mwaka jana jumuiya yetu ilisoma Amosi sura ya 8, wale wafanyabiashara wanaongojea sabato ipite wafungue ghala, wanaopunguza kipimo na kuongeza bei. Unajua sado zetu za kupimia usipa, namna kitako kinavyobonyezwa kwa ndani ili mchuuzi abakize kiganja kimoja katika kila kipimo. Mama mmoja alisoma mstari wa 5, akaacha kusoma. Nyumba nzima ikanyamaza, kwa sababu wengi wetu pale ni wachuuzi na sado za kila mtu zinajulikana. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeanguka chini wala kunena kwa lugha. Siku ya gulio yule mama alikuwa na sado mpya, kitako kimenyooka. Amepoteza kila siku kiasi fulani cha usipa tangu hapo, na wachuuzi wenzake hawakumpenda kwa sababu wateja walianza kulinganisha. Wawili wamebadilisha za kwao baadaye. Wengine bado. Hiyo ndiyo taarifa yote, haina muujiza ndani yake.

Lingine ni la mwezi huu. Unajua akina mama wanavyochukua usipa malikauli asubuhi mitumbwi inapofika, wanaanika, wanauza kwa watu wa Mbinga na Songea, ndipo wanalipa. Mvua ya Januari ikinyesha siku tatu mfululizo usipa hauanikiki, unaoza, na deni linabaki palepale. Mwaka huu ni Jubilei, tumeshahubiriwa sana, vitenge vya Jubilei vimenunuliwa na kushonwa. Mzee mmoja mwenye mitumbwi, mwanajumuiya, si msemaji kabisa, akauliza kikaoni Jubilei yenyewe katika Biblia ilikuwa nini hasa. Tukafungua Walawi 25, ardhi inarudi kwa wenyewe na waliojiuza wanaachwa huru, tukaenda na Kumbukumbu la Torati 15 kuhusu kusamehe madeni. Aliondoka bila kusema kitu. Kesho yake akawaambia akina mama wanne ambao usipa wao uliozea mvuani kwamba deni lile asilisikie tena. Mke wake hajamsamehe mpaka leo, na mimi simlaumu mke wake, kwa kuwa ada za shule za Januari zilikuwa zinasubiri fedha hiyo. Kulishika Neno kuna gharama ya namna hiyo, na mara nyingine inalipwa na watu wa nyumba moja ambao hawakukubaliana. Sijui kama alifanya busara. Najua alilisoma Neno kwa upande wa mdaiwa, naye ni mdai.

Jambo moja nimeliona katika hayo yote mawili: usomaji ulifanyika mbele ya watu wanaokujua. Hapa ndipo ninapoogopea ushirika wenu, zaidi ya fedha. Huko chuoni Dar nani anajua sado yako ikoje? Nani anaweza kunyoosha mkono akasema mtumishi, samahani, tusome na mistari ya juu? Neno linataka masikio mengi. Mwalimu Nyerere, baada ya kung'atuka, alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, na Wabenediktini wa Ndanda-Peramiho wakazichapa mwaka 1996. Msomi kama yule, Mkristo wa Misa ya kila siku, angeweza kuandika ufafanuzi mzito wa kusomwa na mapadre wachache. Alichagua tenzi, na utenzi husomwa kwa sauti mbele ya hadhira, hadhira ambamo mtu yeyote anaweza kuguna.

Sikuambii uhame ushirika. Umekua, na vijana wenzako wanaweza kuwa watu wema kuliko sisi. Jambo ninalokuomba ni moja dogo: siku mtumishi atakaporudia Malaki 3:10, na atarudia, maana ni mwanzo wa mwaka, omba kwa heshima msome kuanzia mstari wa 5. Atakavyokujibu utajifunza mengi kuliko barua hii. Akifurahi na kusoma, nitamwombea kwa jina na utampa salamu zangu.

Kwa sasa mpigie bibi. Simu yake imekufa, piga ya baba yako Jumapili baada ya Misa ya pili, wote wanakuwa nyumbani. Usimweleze habari za laana, hata kwa kuomba msamaha, hazijui na hana haja ya kuzijua. Msalimie tu, umuulize mguu.

Kuhusu wavu, elfu hamsini hiyo usiikope kwa mtu. Mimi nimemtangulizia baba yako nusu, utanirudishia bumu lijalo, na hii nayo siyo sadaka, ni deni, nimeliandika kwenye daftari.

Pasaka mwaka huu ni tarehe 20 Aprili. Ukipata nauli njoo, basi la Songea likifika usiku lala kwa mjomba wako, ushuke Lituhi asubuhi. Bibi anasema ukija umletee miwani ya kusomea kutoka Kariakoo, namba mbili na nusu, yenye kamba ya shingoni kwa sababu ile ya kwanza iliangukia ziwani. Fremu nyeusi. Nyekundu anasema ni za wasichana.

Shangazi yako,
Lituhi